Wakili Wetu Yuko Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ofisi yetu iko Ngamiani, mjini Tanga, juu ya duka la vitambaa. Mzee aliyenilea katika kazi ya uwakili sasa ni mbunge wa jimbo moja la mkoani kwetu. Tangu aapishwe, watu wanapanda ngazi kuuliza mambo yale yale: wateja wake wa zamani, wapiga kura, wanafunzi wa sheria, na majirani wanaotaka tu kujua kama ni kweli. Nimeyaandika majibu kama ninavyowajibu tukiwa tumekaa kwenye benchi. Jina lake silitaji. Maswali haya yanamhusu wakili yeyote wa mji mdogo aliyepewa ubunge, na yeye mwenyewe ameniomba iwe hivyo.

Kesi yangu ilikuwa mikononi mwa Mzee. Sasa nani anaisimamia?

Mimi, ukiridhia. Kabla hajaondoka tulimwita kila mteja, tukamwonyesha kesi yake imefikia wapi, akachagua kubaki nasi au kuchukua nyaraka zake aende kwa wakili mwingine. Kwa waliobaki tuliijulisha mahakama. Bibi mmoja wa Pongwe aliniambia, "Mwanangu, mimi sikuja kwa ofisi, nilikuja kwake." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na sikumbembeleza. Alirudi mwenyewe baada ya wiki mbili na bahasha yake ya risiti, na kesi yake ya kiwanja bado tunayo.

Kwani mbunge haruhusiwi kuwa wakili?

Ubunge peke yake haumfungi. Wapo wabunge waliosimama mahakamani asubuhi ya Jumatatu na bungeni siku ya pili yake. Tundu Lissu alichaguliwa kuwa rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika mwaka 2017 akiwa mbunge wa Singida Mashariki. Baadaye taratibu zilibadilishwa ili wabunge wasiongoze chama hicho, lakini kuendelea na uwakili ni jambo jingine. Akiteuliwa waziri ndipo mambo yanabadilika kabisa.

Mzee ameamua kusimamisha kesi zote kwa hiari yake. Sababu aliyonipa ni hii: mteja akishinda, watu watasema ni kwa sababu ya ubunge, akishindwa, mteja atasema wakili alikuwa Dodoma. Nakubaliana naye, ingawa ofisi imeuona upungufu.

Yeye alianzaje? Mtu anakuwaje wakili?

Alisoma shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo kilichoanza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Watu wa kizazi chake walifanya mafunzo kazini kisha wakahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Siku hizi njia inapita Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Ukifaulu unamwandikia Jaji Mkuu maombi, unaapishwa, jina lako linaingia kwenye daftari la mawakili, na kila mwaka unahuisha leseni.

Njia hiyo ni ngumu. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka matokeo yalipoonyesha kwamba kati ya wanafunzi 633, ni 26 tu waliofaulu masomo yote kwa mara ya kwanza. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ambaye naye ni mwanasheria aliyepitia ubunge na uwaziri. Wazazi waliniuliza kama wawahamishe watoto wao kwenye fani nyingine. Niliwaambia wasiwahamishe. Wawahimize wasome mapema namna ya kuandika hati ya madai, kwa kuwa kanuni za mwenendo wa kesi ndizo zinazowaangusha wengi.

Wakili wa mji mdogo anashughulika na nini hasa?

Swali hili nalipenda, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini mtu wa namna hii anahitajika bungeni.

Wakili wa kampuni kubwa Dar es Salaam anaweza kukaa mwezi mzima kwenye mkataba mmoja. Huku kwetu asubuhi moja unagonga mhuri kwenye kiapo cha kijana aliyepoteza cheti, unaandika mkataba wa mauziano ya pikipiki, unamsikiliza mjane aliyefungiwa nyumba na shemeji zake, kisha unakimbilia mahakamani kwenye kesi ya wizi wa mkonge. Mchana unakuja ugomvi wa mpaka wa shamba la michungwa Muheza. Jioni anakuja mzee kutoka Mkinga kuuliza fidia yake inapigwaje hesabu, maana tangu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani lianze kujengwa, neno fidia limekuwa la kila nyumba njiani.

Ardhi ndiyo mama wa migogoro yote. Mkoa huu ulijengwa na mkonge. Bei ilipoanguka, mashamba mengine yakabaki pori, watu wakaingia kulima, wakazaa humo, wakazika humo. Kisha siku moja anakuja mtu na hati. Nani ana haki? Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zote ni za mwaka 1999. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa mwenye madai ya ardhi miaka 12 ya kufungua shauri. Vifungu vinaonekana vyepesi ukivisoma. Ukisimama chini ya mwembe na familia tatu, kila moja ikikuonyesha makaburi yake, huo wepesi unaondoka.

Na mirathi. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu, na msimamizi ana miezi minne kurudisha orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Wengi hawajui. Wanadhani wakishapewa barua ya usimamizi wamepewa nyumba. Mzee alikuwa anatoka nje ya dawati, anakaa kwenye benchi na ukoo mzima, anawaeleza kwamba msimamizi ni mtunzaji, si mrithi wa vyote. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi bila kudai shilingi.

Kumbuka pia kwamba kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kabisa kusimama Mahakama ya Mwanzo. Marekebisho ya mwaka 2021 yalifungua mlango pale mahakama hiyo inapoongozwa na hakimu mkazi. Kwa hiyo mahakama iliyo karibu zaidi na wananchi ndiyo iliyokuwa mbali zaidi na mawakili, na sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa kumwandaa mtu aende kujisemea mwenyewe.

Ni lazima uwe mwanasheria ili uwe mbunge?

Hapana. Ibara ya 67 ya Katiba inataka uwe raia, umefikisha miaka 21, unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na uwe mwanachama uliyependekezwa na chama cha siasa. Hakuna shahada inayotajwa. Na mimi sitaki Bunge la wanasheria watupu. Mkulima na muuguzi wanaona tusiyoyaona.

Alipitaje? Hakuweza kugombea bila chama?

Hakuweza. Hayati Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani tangu miaka ya 1990. Alishinda Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba si kazi ya mahakama kuamua hilo bali ni ya Bunge, kisha mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ikaamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Katiba yetu bado inadai chama.

Kwa hiyo Mzee alichukua fomu ndani ya chama kama wengine, akapita kwenye kura za maoni, akasubiri vikao vya juu. Kipindi kile kilimchosha kuliko kampeni zenyewe. Mahakamani amezoea kwamba uamuzi huandikwa pamoja na sababu zake. Kwenye vikao vya uteuzi unaambiwa jina tu.

Wakili si anaweza kubadilisha mambo kwa kushinda kesi? Kwa nini aende bungeni?

Tazama kesi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, wakati umri wa kawaida kwa mvulana ni 18. Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, na Julai 2016 akashinda: vifungu vya 13 na 17 vilitamkwa kuwa kinyume cha Katiba, Serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikamthibitishia ushindi.

Hapo ndipo wakili anapofika ukingoni. Jaji amesema vifungu vina kasoro, lakini kalamu ya kuandika vipya iko bungeni. Mwaka ukapita, ukapita mwingine, na mabinti wakaendelea kuolewa huku hukumu iko kabatini. Mzee aliisoma hukumu ile hapa ofisini, akaifunga, akakaa kimya muda mrefu. Tulikuwa na faili la mtoto wa miaka 15 kutoka milimani kule Lushoto, na hatukuwa na la kumwambia mama yake. Nadhani siku ile ndiyo aliyoamua, ingawa yeye husema aliamua taratibu.

Akiwa Dodoma anafanya nini siku nzima?

Watu wanaona maswali na majibu asubuhi, na Alhamisi maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Kazi ya sheria yenyewe iko kwingine.

Muswada ukisomwa mara ya kwanza, kinachosomwa ni jina lake tu. Unapelekwa kwenye kamati, wadau wanaitwa kutoa maoni, vifungu vinachambuliwa. Unarudi ukumbini kusomwa mara ya pili, hapo ndipo mjadala mkubwa. Kisha Bunge linageuka kuwa Kamati ya Bunge Zima na kupita ibara moja baada ya nyingine. Mbunge anayetaka kubadilisha neno analeta jedwali la marekebisho kwa maandishi na kulitetea. Baada ya hapo muswada unasomwa mara ya tatu na kwenda kwa Rais. Akikataa kuusaini anaurudisha na sababu zake, na wabunge wakiung'ang'ania kwa theluthi mbili, Katiba inampa siku 21: ausaini au alivunje Bunge.

Ukifungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, utakuta maneno haya yakijirudia ukurasa baada ya ukurasa: "Ibara iliyotajwa hapo juu ilipitishwa na Kamati ya Bunge Zima bila mabadiliko yoyote." Msomaji wa kawaida anaruka. Mimi kila nikiyaona najiuliza kama kuna aliyeisoma ibara ile akimfikiria bibi wa Pongwe. Wakili wa mji mdogo anajua tofauti ya "afisa atatoa notisi" na "afisa anaweza kutoa notisi". Kwa afisa ni neno moja. Kwa mtu anayebomolewa kibanda ni tofauti ya kuonywa na kuamshwa na tingatinga.

Nitatoa mfano wa jambo lililotugusa. Zamani Baraza la Kata liliweza kuamua mgogoro wa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka hayo. Sasa kazi yake ni kusuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 mdai anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuna sababu nzuri: mabaraza mengine yalikuwa na upendeleo wa wazi, na maamuzi yao yalikuwa yakibatilishwa kila leo kwa sababu akidi haikutimia. Lakini kwa mtu wa Maramba anayegombea robo eka, kifungu kile kilimwongezea nauli, siku za kukosa shamba, na woga wa jengo kubwa. Anayejua pande zote mbili ndiye anayeweza kuuliza swali linalofaa muswada ukiwa bado mezani.

Mbona hatumwoni akizungumza kwenye televisheni?

Kwa sababu amepangwa Kamati ya Sheria Ndogo, na kamera haziishi huko. Kamati hiyo inapitia kanuni na sheria ndogo zinazotungwa na wizara na halmashauri kwa mamlaka waliyopewa na Bunge, zile zinazotoka kama Tangazo la Serikali. Ushuru unaolipa ukivusha magunia ya machungwa, ada ya meza sokoni, faini ya mbuzi aliyeingia mjini: yote hayo ni sheria ndogo. Sheria ndogo ikimpa mgambo nguvu ambayo sheria mama haikumpa, mahali pa kuikamata ni pale.

Wapiga kura wengine wanasikitika kwamba hajapewa kamati kubwa. Mimi naona amewekwa mahali pake hasa. Alitumia miaka mingi akitetea wachuuzi walionyang'anywa mizani zao kwa faini ambazo hakuna aliyeweza kuonyesha zimeandikwa wapi.

Sawa, lakini barabara yetu je?

Naelewa, mvua ya masika ikinyesha hata mimi sifiki kwetu. Ibara ya 63 ya Katiba inalitaja Bunge kuwa chombo cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge hana greda wala bajeti ya barabara. Anachoweza ni kuuliza, kubana kwenye bajeti, na kusema kwenye Baraza la Madiwani, ambako naye ni mjumbe. Upo pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake inaongozwa na mbunge. Huo unasaidia mabati ya darasa au kisima kilichochangiwa na wananchi. Haujengi lami.

Kinachoniuma ni kwamba mikutanoni anaulizwa barabara mara 20 na sheria hata mara moja haiulizwi.

Nina kesi. Hawezi kumpigia simu hakimu?

Hapana. Usimwombe, na usiniombe nimwombe. Hata bungeni kwenyewe, kanuni zinakataza kujadili jambo lililoko mahakamani. Kama huna uwezo wa kulipa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa huduma na wasaidizi wa kisheria; njoo nikuelekeze kwa aliye karibu nawe.

Wapo wanasheria wengine wa pande zetu waliopita njia hii?

Wapo, ingawa kila mmoja kwa njia yake. Ummy Mwalimu, mzaliwa wa Tanga, ni mwanasheria. Aliingia bungeni kwa viti maalumu mwaka 2010, akawa waziri, na mwaka 2020 akachaguliwa mbunge wa Tanga Mjini. Upande wa Bagamoyo, Ridhiwani Kikwete, naye mwanasheria, alipata ubunge wa Chalinze kwenye uchaguzi mdogo wa mwaka 2014. Kwenye kiti cha Spika amewahi kukaa Samuel Sitta, mwanasheria, na baadaye Tulia Ackson, aliyetoka kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hao si lazima wawe walikaa kwenye ofisi za mhuri kama yetu. Lakini binti wa Makorora akiwaona, anajua mlango upo.

Anayoyasema bungeni anaweza kushtakiwa?

Ibara ya 100 ya Katiba inamlinda kwa anayoyasema ndani ya Bunge. Akitoka nje akayarudia kwenye mkutano pale Tangamano, ulinzi huo haumfuati. Mwanasheria hujua mpaka huu, na hiyo ndiyo sababu utamsikia akichagua maneno zaidi jukwaani kuliko ukumbini.

Akigombana na chama chake?

Akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, kiti kinakwenda. Kinakwenda pia akikosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika. Tena kila mwaka anajaza tamko la mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Nimemsaidia kupanga karatasi zake. Eneo la Kange, nyumba, gari moja, na mkopo.

Binti yangu anasoma sheria na anataka siasa. Aanzie wapi?

Aje hapa wakati wa likizo. Hatumlipi, lakini nauli na chakula cha mchana tunampa. Wiki ya kwanza atapanga mafaili na kuyasoma. Wiki ya pili ataandika viapo, nami nitavisahihisha kwa wino mwekundu. Ya tatu atanifuata mahakamani, akae nyuma, aandike kila anachokisikia. Asikilize namna mashahidi wanavyojieleza, maana Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria tangu mwaka 2021, na wakili anayejua kumuuliza mkulima swali fupi kwa heshima ana mtaji mkubwa kuliko mwenye misamiati ya Kilatini.

Siasa itamkuta hukohuko. Mzee hakuanza kwa kutafuta kura. Alianza kwa kukaa kwenye benchi.

Nije lini nimwone yeye mwenyewe?

Aprili hadi mwisho wa Juni ni Bunge la Bajeti, usimtafute. Miezi mingine, Bunge likiahirishwa, huwa jimboni, na Jumamosi moja moja hupita hapa ofisini. Kama jambo lako ni la sheria, andika barua: taja sheria au tangazo lenyewe, sema lilivyokuumiza, weka tarehe na nakala ya risiti ulizonazo. Iache mezani kwangu. Kila Ijumaa nazikusanya kwenye bahasha moja na kuipeleka stendi ya Kange kwenye basi la Dodoma, na Jumatatu jioni hunipigia tuzipitie moja moja.